Mashahidi Wawili, Desa Moja: Kwa Nini Sisaini Ripoti Hii

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na kuna walioniuliza pale kafeteria kama bado nipo duniani. Nipo jamani. Boom limekatika mapema, majaribio yamefuatana kama mabehewa, na juu ya hayo kuna mradi wa kikundi uliokula usingizi wangu wote. Leo naandika kwa sababu nina hasira. Mama yangu husema hasira ya usiku ukiiandika, ikifika asubuhi huwa imepungua. Sasa hivi ni saa nane usiku. Tutaona.

Kisa chenyewe ni hiki. Kikundi chetu cha watu watano kilipewa kazi ya kutengeneza helikopta ya kuigiza kwenye kompyuta, na hasa sehemu ya kumwambia rubani yuko wapi. Tunatumia FlightGear, ile programu ya bure ya kuigiza urushaji wa ndege, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuichokonoa. Helikopta yetu inatakiwa iwe na mifumo miwili ya kujua mahali ilipo: mmoja wa setilaiti, yaani GPS mnayoijua kwenye simu zenu, na mwingine wa inesha. Halafu kuna taa ya tahadhari inayowaka mifumo hiyo miwili ikipingana kupita kiasi. Kwenye rasimu ya ripoti, ukurasa wa nne, imeandikwa kwa herufi nzito: "Mifumo hii miwili inafanya kazi kwa kujitegemea."

Uongo mtupu! Na nitaeleza.

Jumanne usiku nilibaki maabara peke yangu. Nikaiacha helikopta uwanjani, injini imezimwa, pangaboi zimetulia tuli. Nikasema ngoja nijaribu taa yetu ya tahadhari. Nikaidanganya GPS: nikaingia kwenye programu nikaisogeza kilomita 3 mashariki, kama vile adui amerusha mawimbi ya kughushi. Nikakaa nisubiri taa nyekundu iwake.

Haikuwaka. Taa ilibaki kijani, imetulia kama mtu aliyeshiba. Nikaangalia skrini ya inesha, nayo imeruka kilomita 3 mashariki, kwa kufumba na kufumbua. Helikopta iliyozimwa, iliyokaa chini, haijatikisika hata sentimita moja, na mtambo ambao kazi yake pekee ni kuhisi mtikisiko unasema tumesafiri kilomita 3!

Nikafungua programu kuangalia nani kaandika nini. Kumbe mwenzetu mmoja aliona kuandika hesabu za inesha ni kazi ndefu, akachukua namba zilezile za GPS, akazipeleka kwenye skrini ya pili, akabadilisha rangi ya maandishi. Basi. Hiyo ndiyo "inesha" yetu.

Sasa kwa wale wa sheria, ualimu na biashara ambao najua mnasoma hapa kwa ajili ya zile hadithi za hosteli, msiondoke. Nitaeleza kwa lugha ya hosteli.

GPS ni kuuliza watu wa nje. Setilaiti zinazunguka juu huko, kama kilomita 20,200 kutoka tulipo, kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo. Mashine yako inasikiliza angalau nne, inapima sauti ya kila moja imechukua muda gani kufika, inapiga hesabu, inajua iko wapi. Uzuri wake ni kwamba haichoki: kosa lake la leo asubuhi na la jioni ni mita chache tu. Ubaya wake ni kwamba sauti hizo zikifika ardhini ni dhaifu mno. Mtu mwenye mtambo mdogo anaweza kuzizima kwa kelele, na mjanja zaidi anaweza kuziigiza, akakusimulia uongo nawe ukaamini.

Inesha ni kinyume chake. Fikiria umeme umekatika hosteli, korido giza totoro, simu haina chaji. Unajua umetoka mlango wa bafu, unahesabu hatua kumi na mbili mbele, unakata kushoto, hatua nne, unapapasa mlango wako. Hujamuuliza mtu. Umetumia mwili wako tu: nimeanzia wapi, nimeenda kasi gani, nimegeuka kiasi gani. Mtambo wa inesha unafanya hivyo kwa vipima mchapuko na jairoskopu. Hakuna anayeweza kuuziba wala kuudanganya kutoka nje, kwa kuwa hausikilizi chochote cha nje. Ubaya wake ni kwamba kila kosa dogo linajumlishwa na lililotangulia. Kipima mchapuko kikikosea kwa 0.001 tu ya mita kwa sekunde mraba, baada ya dakika 10 umeshapotea kama mita 180. Jairoskopu ikipotoka nyuzi 0.01 kwa saa, kiasi ambacho hata jicho haliwezi kuota, unapotea kilomita 1 na kidogo kila saa. Ni kama wewe mwenyewe koridoni: ukikosea hatua moja mwanzoni, utapapasa mlango wa jirani.

Kwa hiyo mmoja ni mkweli anayeweza kudanganywa, mwingine ni mkaidi anayesahau taratibu. Tabia zao hazifanani hata kidogo, na hapo ndipo penye thamani. Wakikubaliana, una sababu ya kuamini, kwa maana jambo linaloweza kumharibu huyu haliwezi kumharibu yule. Wakipingana, umeonywa. Ukiwaunganisha kwa uzi mmoja, umebaki na shahidi mmoja mwenye midomo miwili.

Wanachuo wenzangu mnalijua hili kuliko profesa yeyote. Watu wawili wakidesa kwa mtu mmoja, majibu yao yatafanana mpaka nukta, na kosa lao litafanana pia. Je, msimamizi akiona karatasi mbili zinafanana atasema "naam, jibu ni sahihi, wawili wamekubaliana"? Thubutu! Atawaita ofisini. Lakini sisi tunataka kusaini ripoti yenye karatasi mbili za desa moja na kuiita uthibitisho.

Jumatano nikaitisha kikao. Hoja walizonipa wenzangu zilikuwa tatu, na nitazijibu moja baada ya nyingine, maana pale kikaoni nilikatizwa.

Hoja ya kwanza: "Ni ya kuigiza tu. Hakuna atakayekufa."

Ndugu zangu, kitu cha kuigiza kina kazi gani kama si kumzoesha mtu mambo ambayo hatutaki ayajue kwa mara ya kwanza akiwa angani? Kwenye programu ya kuigiza, kompyuta inajua ukweli wote: longitudo, latitudo, mwinuko, bila kosa hata chembe. Huo ndio mtego. Rubani wa kweli hapewi ukweli huo kamwe, anapewa maoni ya mitambo. Ukimpa mwanafunzi skrini mbili zinazokubaliana siku zote, humfundishi kuongoza helikopta. Unamfundisha kwamba hakuna haja ya kulinganisha. Somo hilo atalibeba mpaka kwenye helikopta yenye mafuta na abiria.

Na si kwamba kuigiza vizuri haiwezekani. Walioucheza ule mchezo wa helikopta ya Kirusi Ka-50, uliotolewa na Eagle Dynamics mwaka 2008, wanajua. Mle ndani kuna ramani ya ABRIS inayotumia setilaiti, na kuna kibao cha PVI-800 kinachotumia inesha. Kila kimoja kina njia yake uliyokiwekea. Ukibadilisha njia kwenye ABRIS, PVI-800 haina habari, na rubani wa mashine anaifuata PVI-800, haifuati ramani nzuri unayoitazama. Ukiruka muda mrefu, inesha inaanza kupotoka, unatakiwa uisahihishe kwa kupita juu ya alama unayoijua, au kuilenga kwa kamera ya helikopta. Wachezaji wapya wanalia kila siku: kwa nini niandike vituo vya njia mara mbili? Mimi pia nililia. Siku moja nilibadili njia kwenye ramani, nikawasha rubani wa mashine, helikopta ikageuza pua ikaelekea kwenye kituo cha zamani, moja kwa moja bondeni kwa maadui. Nilitukana. Baadaye nikaelewa nimefundishwa kitu: chombo unachokitazama si lazima kiwe ndicho kinachoendesha. Ule ni mchezo wa kununua, watu wanacheza wakinywa soda. Sisi ni wanafunzi wa uhandisi, na mchezo unatushinda kwa uaminifu!

Hoja ya pili: "Siku hizi mifumo yote inachanganywa. Kuitenganisha ni ushamba."

Hii ndiyo hoja nzito na sitaidharau. Ni kweli inachanganywa. Kuna hesabu inayoitwa kichujio cha Kalman, kwa jina la Rudolf Kálmán aliyeichapisha mwaka 1960, inayochukua GPS na inesha ikapata jibu bora kuliko kila moja peke yake. GPS inairudisha inesha mstarini, inesha inaziba mapengo GPS ikikatika nyuma ya mlima. Mimi sipingi kuchanganya. Napinga kuchanganya kisha kutupa vile ulivyovichanganya. Maziwa ukishayatia kwenye chai huwezi tena kuyaonja kama yameharibika.

Ndiyo maana waliobobea hawakutupa. Yapo masanduku ya ndege za kijeshi yanayobeba GPS na inesha ndani ya kasha moja, yanaitwa EGI. Helikopta ya Apache inatumia ya aina hiyo. H-764G ya kampuni ya Honeywell, kwa mfano, hutoa majibu matatu: la mchanganyiko, la GPS pekee, na la inesha pekee isiyoguswa na GPS. Kasha ni moja, lakini ushahidi umehifadhiwa mbalimbali. Sasa nani mshamba hapa?

Na mkitaka kujua kinachotokea pale mchanganyiko unapokuwa ndiyo yote, someni habari za Septemba 2023. Ndege za abiria na za watu binafsi zilizokuwa zikipita anga ya Iraki, karibu na mpaka wa Irani, zilianza kupokea mawimbi ya GPS ya kughushi. Kupoteza GPS peke yake kusingewatisha sana marubani, maana wamezoea kwamba inesha ipo. Kilichowashtua ni kwamba kwenye baadhi ya ndege inesha nayo ilikuwa inajirekebisha kwa GPS, ikauamini uongo, ikachafuka. Wakabaki wanawaomba waongozaji wa ardhini wawaambie waelekee upande gani. Ndege ya mabilioni, inauliza njia kama mgeni stendi. Skrini ziliruka pamoja, kama ile helikopta yetu ya Jumanne usiku, ila wao walikuwa na watu ndani.

Msiseme hayo ni ya vitani. Mwaka 2024 shirika la Finnair lilisimamisha safari za Tartu, Estonia, kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Mei, kwa sababu GPS ilikuwa inavurugwa na uwanja ule haukuwa na njia nyingine ya kutua iliyowafaa. Wala msiseme helikopta haziguswi. Juni 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, chini ya Todd Humphreys, walikwenda White Sands, New Mexico, wakarusha mawimbi ya kughushi kwa helikopta ndogo isiyo na rubani iliyokuwa zaidi ya mita 500 kutoka walipo. Ikaamini kwamba inapanda, kwa hiyo ikajishusha kuelekea ardhini, mpaka msimamizi alipoinyakua kwa mkono. Wale walikuwa watu wa chuo kama sisi. Wao walitumia mradi wao kuonyesha uongo unavyofanya kazi, sisi tunatumia wetu kuuficha.

Hoja ya tatu: "Si tunayo miwili? Mwalimu alisema miwili."

Aaah! Hii ndiyo iliyonitoa kikaoni. Jamani, namba mbili si ulinzi. Tarehe 4 Juni 1996 pale Kourou, Guyana ya Kifaransa, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na mitambo ya inesha miwili, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba. Miwili, kama mwalimu alivyosema. Lakini yote miwili ilibeba programu ileile, iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Mahali fulani programu ile ilijaribu kuibana namba ya biti 64 iingie kwenye nafasi ya biti 16. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi, namba ikawa kubwa, haikuenea. Mtambo wa akiba ukazimika, na baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde mtambo wa kazi ukazimika kwa sababu ileile. Sekunde zisizofika 40 tangu injini kuwashwa, roketi ilikata kona isiyoweza kuihimili, ikavunjika. Mashahidi wawili, desa moja.

Na kuna jingine linaloniuma zaidi kwa sababu mashine zenyewe hazikukosea. Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya DC-10 ya Air New Zealand ilikuwa inatembeza watalii Antaktika. Usiku wa kuamkia safari, namba za kituo kimoja cha njia zilibadilishwa kwenye kompyuta ya ofisi, na marubani hawakuambiwa. Wao walidhani wanashuka juu ya ghuba iliyo wazi. Inesha iliwapeleka kwa uaminifu kabisa pale ilipoagizwa: mlima Erebus. Watu 257 walikufa. Mitambo ilifanya kazi. Kilichokosekana ni chanzo cha pili kisichokuwa kimelishwa na mkono uleule, kitu cha kusimama na kusema, "subirini, mimi naona vingine." Nikikumbuka hilo, ule usumbufu wa kuandika njia mara mbili kwenye Ka-50 nauona vingine kabisa.

Basi nataka nini? Sitaki makuu. Nimewaambia wenzangu na nawaambia ninyi, mniambie kama nimezidi.

Moja, GPS yetu isome ukweli wa kompyuta na kuongezewa makosa yake: yumbayumba ya mita chache, kukatika helikopta ikiingia bondeni, na kitufe cha msimamizi cha kuiziba au kuighushi.

Mbili, inesha iusome ukweli mara moja tu, pale rubani anapoiwekea mahali pa kuanzia. Tena hata hapo iamini namba aliyoandika rubani, kosa lake likiwemo. Baada ya hapo ipewe michapuko na mizunguko tu, ikiwa na makosa madogo ya vipimo, ijijumlishie yenyewe. Iachwe ipotoke. Na ule mnyumbuliko wa dakika 84 unaoitwa wa Schuler, unaofanya kosa liende na kurudi badala ya kukua tu, uwemo. Ni mistari michache ya hesabu za mwaka wa pili, tulishazifanyia mtihani.

Tatu, kama tunataka jibu la mchanganyiko, liwe skrini ya tatu. Taa ya tahadhari ilinganishe zile mbili ambazo hazijachanganywa.

Nne, kabla ya kuandika neno "kujitegemea", tufanye jaribio langu la Jumanne mbele ya mwalimu. Tudanganye kimoja, tuone kingine kama kitatikisika.

Mwenyekiti wa kikundi amenijibu kwa ujumbe leo jioni. Anasema maonyesho ni Ijumaa, hakuna muda, na kama sitaki kusaini jina langu litatolewa kwenye jalada. Nami naogopa, sitawadanganya. Nina kozi moja ya sup tangu muhula uliopita, alama hizi nazihitaji kuliko hewa. Nyumbani wanajua mwakani namaliza. Ingekuwa rahisi kuandika sahihi, nikalala.

Lakini nimefikiria jambo moja. Helikopta hii haifutwi Ijumaa. Itabaki maabara, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wataikuta, wataiwasha, wataona taa ya kijani na kuiamini kwa sababu kaka na dada zao waliandika ukurasa wa nne kwamba inastahili kuaminiwa. Mmoja wao anaweza kuja kuwa fundi wa ndege. Au rubani. Sitaki awe amejifunza kutoka kwangu kwamba kijani maana yake salama.

Nimeshaandika nusu ya hesabu za inesha. Hapa nilipo helikopta imekaa uwanjani, injini imezimwa, na kwa mara ya kwanza skrini mbili zinatofautiana: GPS inayumba mita 4 hivi, inesha imeshapotea mita 60 na inaendelea taratibu kuelekea magharibi. Mbaya kabisa, haipendezi, na ni kweli. Nimeighushi GPS kilomita 3 tena. Inesha haikusogea. Taa imewaka nyekundu.

Sijawahi kufurahia taa nyekundu kiasi hiki.

Kesho asubuhi nitampelekea mwenyekiti, nimwambie kazi ngumu imeshafanyika, abadilishe tu ukurasa wa nne au aufanye uwe kweli. Akikataa, jina langu alitoe, nitakwenda kwa mwalimu na yangu mkononi. Mama alikuwa sahihi, hasira imepungua. Msimamo haujapungua.

Muadhini ameanza, na mimi nina kipindi saa mbili. Mwenye chai ya rangi asinisahau. Tuonane Ijumaa, panapo majaliwa.